Maji ya Rejeta Huenda Wapi? Somo kwa Wenye Magari ya Zamani

Ikiwa una gari la zamani na kila asubuhi huanza safari kwa kuongeza maji kwenye rejeta, somo hili ni lako. Wengi wetu tumeizoea kazi hiyo mpaka tunaiona kama sehemu ya kuendesha gari: unafungua boneti, unamimina maji mpaka yafurike, unafunga, unaweka mtungi wa lita 5 nyuma ya kiti na kuondoka. Lakini rejeta hainywi maji. Maji hayo huzunguka ndani ya injini na kurudi kwenye rejeta, na gari lililo katika hali nzuri hukaa miezi bila kuongezwa hata kikombe kimoja. Yanapopungua, yana njia yanakopitia. Kazi yetu leo ni kuitafuta njia hiyo kabla ya kumimina mengine.

Tutatumia mfano wa Peugeot 504. Gari hili lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka wa 1968, likashinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, na kwa miaka mingi pikapu zake ziliunganishwa humu nchini. Hadi leo utazikuta zikishusha viazi na kabeji kutoka Molo. Mengi tutakayosema yanahusu pia Datsun, Toyota na Land Rover za miaka hiyo. Mwenye Volkswagen Beetle anaweza kufungua ukurasa mwingine, kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa na haina rejeta ya maji.

Kwa nini miinuko yetu huchemsha magari

Mombasa, maji huchemka yakifika nyuzi 100. Hapa kwetu Nakuru mjini, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 94. Ukipanda hadi Molo, kwenye mita 2,500 hivi, huchemka karibu na 92. Sasa kumbuka kwamba thamostati za magari mengi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Maana yake ni kwamba hata injini isiyo na kasoro hufanya kazi ikiwa karibu sana na kiwango cha kuchemka, na gari lililobeba mzigo kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit halina nafasi kubwa ya kukosea.

Kinachookoa gari hapo ni kifuniko cha rejeta. Watu wengi hudhani kazi yake ni kuzuia maji yasimwagike tu. Ndani yake mna springi na mpira unaozuia mvuke usitoke mpaka shinikizo lifike kiwango fulani, na shinikizo likipanda, maji huchelewa kuchemka. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, kikiwa kizima, huyafanya maji yavuke nyuzi 110 hata kule Molo bila kuchemka. Kikiwa kimechoka, unarudi kwenye zile nyuzi 92. Ndiyo maana gari moja hupanda mlima kwa utulivu na lingine la aina ileile husimama kando ya barabara likitoa mvuke, ilhali injini zote mbili ni nzima.

Mzee aliyeambiwa afungue hedi

Jirani yangu mmoja, mzee mwenye 504 pikapu, alikuwa akiongeza maji kila siku. Gereji moja ilimbadilishia pampu ya maji. Maji yakaendelea kupungua. Akaambiwa sasa ni gasketi ya hedi, na kwamba hedi lazima ishuke na kupelekwa kupigwa mashini. Kabla hajatoa pesa, nikamwomba tuliangalie gari asubuhi likiwa baridi.

“Mzee, wewe hulijaza mpaka wapi?”

“Mpaka shingoni, kijana. Mpaka yaonekane.”

Tuliliwasha, tukaliacha lipate moto, kisha tukainama kuangalia ule mpira mwembamba unaoshuka kutoka shingo ya rejeta hadi chini. Maji yalikuwa yakitoka hapo taratibu, yakimwagika mchangani. Mtu anayeendesha hawezi kuyaona, na likiegeshwa baadaye hayaachi dalili kubwa.

Maji yakipashwa moto huvimba. Kutoka nyuzi 20 hadi 90 huongezeka kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Gari linalobeba lita 8 litahitaji nafasi ya takriban robo lita, karibu ujazo wa chupa ndogo ya soda. Magari mapya yana chupa ya plastiki ya kupokea maji hayo na kuyarudisha injini ikipoa. Magari mengi ya zamani hayakuwekewa. Nafasi hiyo iliachwa ndani ya tangi la juu la rejeta, na ndiyo sababu vitabu vya magari hayo huagiza maji yaishie chini ya shingo. Ukijaza mpaka juu, gari litatupa ile robo lita, kesho utakuta pengo, utajaza tena, nalo litatupa tena. Mzee alikuwa akipigana na rejeta iliyokuwa ikijitafutia kiwango chake.

Jaribio ni rahisi. Gari likiwa baridi kabisa, pima kwa kijiti kisafi umbali kutoka mdomo wa shingo hadi kwenye maji, ukiandike. Hakikisha tu kwamba mirija ya ndani ya rejeta imefunikwa. Endesha safari zako za kawaida kwa siku tatu, ukipima kila asubuhi bila kuongeza, na uitazame geji ya joto. Kiwango kikishuka sentimita mbili tatu kisha kikatulia, huna tatizo. Kikiendelea kushuka kila siku, ongeza maji na uanze kutafuta pa kuvujia.

Kifuniko nacho kichunguze wakati huohuo. Mpira wake uwe laini, usiopasuka wala kuwa na alama nzito ya duara. Katikati kuna vali ndogo: ivute kwa ukucha, na ukiiachilia irudi yenyewe. Vali hiyo ikikwama, injini inapopoa rejeta hufyonza na utaona paipu ya juu ya mpira imebonyea kama iliyominywa kwa mkono. Pitisha kidole pia ndani ya shingo mahali mpira unapokalia. Penye kutu au mkwaruzo, hata kifuniko kipya hakitazuia. Ukinunua kingine, kiwe na namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Kuna wanaoshauri kuweka chenye namba kubwa zaidi ili gari “lisichemke kabisa”. Ushauri huo sikubaliani nao. Rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa risasi miaka 40 iliyopita haikukusudiwa kubeba shinikizo hilo, na mahali pa kwanza kuachia patakuwa kwenye mshono wake.

Kuongeza chupa ya akiba

Unaweza kuliwekea gari la zamani chupa ya kupokea maji, na kwa wanaopanda milima kila siku ni kazi inayofaa. Lakini nimeona nyingi zilizofungwa na zisizofanya kazi, karibu zote kwa makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kuacha kifuniko cha zamani. Kifuniko cha gari lisilo na chupa mara nyingi huwa na mpira mmoja tu, ule wa chini. Injini ikipoa, hewa huingia kwa juu ya shingo na maji yaliyo kwenye chupa hubaki hukohuko. Unahitaji kifuniko chenye mpira wa pili unaoziba mdomo wa shingo, huku namba ya shinikizo ikibaki ileile.

Kosa la pili ni kuuning’iniza mpira juu ya chupa. Lazima ufike karibu na sakafu ya chupa na uwe ndani ya maji wakati wote, la sivyo utafyonza hewa. Chupa yenyewe ifungwe karibu na usawa wa shingo ya rejeta, mbali na ekzosi, na iwe na tundu dogo la hewa juu. Ijaze theluthi moja injini ikiwa baridi, upige alama. Katika mpango huu rejeta yenyewe hujazwa kabisa, na kuanzia hapo unaangalia chupa tu.

Mzee alifungiwa yake kwa nusu siku. Hedi haikuguswa. Mtungi bado anaubeba, ila sasa anautumia kunawia mikono.

Mahali pengine pa kuangalia

Isipokuwa njia hiyo, tafuta madoa. Maji yanayovuja mahali penye moto hukauka kabla ya kudondoka na kuacha ukoko mweupe, wa kijani au wa rangi ya kutu. Anzia kwenye ncha za paipu za mpira: ziminye, na zile zilizolegea kama sifongo au zilizokakamaa ubadilishe. Klipu kazia kiasi. Ukizidisha, hukata mpira. Chini ya pampu ya maji kuna tundu dogo. Likidondosha maji, sili ya ndani imekwisha na kuliziba tundu hakusaidii. Ubavuni mwa bloku mna visahani vya chuma vilivyopigwa ndani, ambavyo huliwa na kutu kutoka upande usioonekana. Na kama kapeti la upande wa abiria ni bichi au kioo cha mbele kina utando wenye harufu tamutamu, hita inavuja.

Kukiwa kukavu kila mahali na maji bado yanapungua, hapo ndipo pa kushuku gasketi. Dalili zake ni moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, mapovu yanayopanda mfululizo kwenye rejeta, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, au paipu ya juu kuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha. Katika 504 ongeza jambo moja: silinda zake ni vikombe vilivyozungukwa na maji moja kwa moja, na sili zilizo chini yake zikichakaa, maji huteremka hadi kwenye oili ingawa gasketi ya hedi ni nzima. Mwambie fundi wako aliangalie hilo kabla ya kulaumu hedi.

Vipi kuhusu yai, au unga wa manjano ndani ya rejeta? Hukufikisha nyumbani, sikatai. Yamewahi kunifikisha mimi. Lakini kilichoziba tundu huziba pia mirija ya rejeta, na nililipa fundi kuizibua.

Utie maji gani

Maji mengi ya visima katika Bonde la Ufa yana madini, na madini hayo hujenga ukoko ndani ya injini kama ule wa sufuria ya chai. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, ni afadhali mara nyingi. Yaliyosafishwa kwa ajili ya betri ni bora zaidi. Changanya na kulanti kwa kipimo kilicho kwenye kibandiko chake, kwa kawaida nusu kwa nusu. Wapo wasemao kwamba kulanti ni ya nchi za barafu. Kwetu faida yake ni kuzuia kutu, hasa katika injini kama ya 504 ambayo bloku yake ni chuma na hedi ni aluminiamu, na pia kuongeza nyuzi kadhaa kabla ya kuchemka. Kulanti ya kawaida ibadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Ile ya zamani usiimwage mtaroni. Ina glikoli, ambayo ni tamu na ni sumu. Mbwa na paka huilamba, na mtoto anaweza kuinywa. Iweke kwenye mtungi uliofungwa na kuandikwa, na uulize gereji inayopokea oili chafu kama itaichukua.

Gari likichemka njiani

Toka barabarani kabisa, zima injini, weka pembetatu za tahadhari, kisha usiguse kifuniko. Shinikizo lilelile linalozuia maji yasichemke ndilo litakalokurushia mvuke usoni mara tu ukilegeza. Subiri angalau nusu saa, mpaka paipu ya juu iweze kushikwa kwa mkono na kuminyika. Halafu weka kitambaa kizito, geuza kifuniko hadi kituo cha kwanza, uache kipumue, ndipo ukitoe. Maji baridi usiyamimine ghafla kwenye injini yenye moto, kwa kuwa hedi inaweza kupasuka. Ongeza kidogo kidogo injini ikiwa imepoa.

Mtu akiungua, mwagilia sehemu hiyo maji safi ya bomba yasiyo na barafu kwa dakika 20, vua pete na saa kabla ya uvimbe, na umpeleke kituo cha afya kama ni uso, mikono au eneo kubwa. Dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia havisaidii.

Na ukiwa tayari kuondoka, yaondoe barabarani mawe uliyozuia nayo magurudumu. Mwenye pikipiki hawezi kuyaona usiku.