USALAMA NYUMBANI: Makala ya mbabula yanakwenda wapi?



Mwezi wa 6 na wa 7, wakati baridi inauma, jamaa wengi wanaingiza mbabula chumbani ili watoto walale na joto. Jioni mbabula imejaa makala. Asubuhi yanabaki majivu kidogo. Makala mengine yamekwenda wapi?

Hayakupotea. Makala kwa sehemu kubwa ni kaboni. Yakiungua, kaboni inashikana na oksijene ya hewa na kugeuka gesi. Uzito wa gesi hiyo ni uzito wa kaboni pamoja na uzito wa oksijene. Basi gesi inapita kaboni kwa uzito.

Sehemu ya kaboni inapata oksijene kidogo tu. Hiyo inatoa sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Kanuni yake ni hii:

kaboni 12 gr. + oksijene 16 gr. = sumu 28 gr.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme usiku mmoja gramu 60 tu za kaboni zimegeuka sumu.

1. 60 : 12 = 5. Kanuni inarudiwa mara 5.
2. Oksijene: 5 x 16 = 80 gr.
3. Sumu: 5 x 28 = 140 gr.

Hakikisha: 60 + 80 = 140. Hesabu ni sawa.

Gramu 28 za sumu hii zinajaza karibu lita 24. Basi gramu 140 zinajaza lita 120. Chumba cha meta 4 kwa 3, chenye urefu wa meta 2,5 kwenda juu, kina lita 30.000 za hewa. Kikifungwa kabisa, kila lita 1.000 za hewa zitakuwa na lita 4 za sumu. Kiasi hicho kinaweza kuua mtu kwa muda usiofika saa moja.

Sumu hii haina harufu wala rangi. Inashika damu mahali pa oksijene. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, mtu anataka kutapika, miguu inalegea. Mwenye usingizi hasikii lolote.

Wewe unayeshuka mgodini unajua: baada ya kulipua mawe, hakuna anayerudi kabla hewa haijasafishwa. Sheria hiyo ifuate nyumbani pia:

– Mbabula ibaki nje, hata kama makala yamekuwa mekundu bila moshi.
– Usilale chumba kimoja na moto.
– Ukimkuta mtu amelegea, fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, umpeleke hospitali.

Na wewe mwanafunzi, jaribu: gramu 36 za kaboni zinatoa gramu ngapi za sumu? Ukipata 84, umeelewa somo. Sasa wasomee wazazi wako hesabu hiyo kabla hawajafunga mlango usiku.

Blanketi moja zaidi linatosha. Mbabula ilale nje.