Dondoo muhimu: Ndizi na maharage bila mafuta mengi

Sufuria ya ndizi na maharage, kama ipikwavyo Bukoba na Muleba, hukolea bila kuogelea kwenye mafuta.

1. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yake, yachemshe hadi yakaribie kuiva, ndipo utie ndizi. Ukivianza pamoja, ndizi zitarojeka maharage yakiwa bado magumu.
2. Ndizi ulizomenya zitie majini zisiwe nyeusi.
3. Ukiongeza dagaa wa ziwani, waoshe mara kadhaa. Mchanga huharibu kila kitu.
4. Ongeza nyanya chungu na kitunguu. Chumvi mwishoni, kidogo.
5. Funika kwa jani la mgomba lililobabuliwa.
6. Senene wa kulia kando usiwamwagie mafuta, wana ya kwao! Toa mbawa na miguu, kaanga kwa moto mdogo.
7. Kitindamlo: ndizi mbivu za kuchoma, ndimu juu. Sukari ya nini?