SOMO: TUWAFUNDISHE WATOTO KUONGOZA PAMOJA

Kutoka 18:13-26, Matendo 6:1-6



Mwaka mmoja tulimkabidhi kijana mmoja kundi lote la vijana wa kanisa. Ngoma, daftari la michango na ratiba ya nyimbo, vyote alishika yeye. Familia yake ilipopata safari ya kwenda Kanada, kundi lilisimama. Hakuna aliyejua hata zamu ya kufagia ni ya nani. Kosa halikuwa lake, lilikuwa letu sisi wakubwa. Mkimbizi leo yuko Katwe, kesho Nakivale, kesho kutwa ng'ambo. Kazi ya Mungu isimtegemee mtu mmoja.

1. Tugawane kazi. Yethro alimwona Musa akiamua watu tangu asubuhi hata jioni, akamwonya kwamba atachoka, na watu pia. Ndipo wakawekwa wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na makumi. Watoto ishirini nao waweza kuwa na viongozi wanne wa kupokezana kila miezi mitatu: mmoja aongoze mkutano, mmoja aandike, wawili watunze michango pamoja.

2. Wanaonung'unika wasikilizwe. Kule Yerusalemu wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika ugawaji wa chakula. Mitume waliwaita wanafunzi wote, nao wakachagua watu saba. Majina yote saba ni ya Kiyunani! Waliosahauliwa walipata sauti. Watoto wetu husema Kiswahili, Kinyarwanda, Lingala, Mashi. Asiyejua vizuri lugha ya wengi, na binti anayeketi nyuma, waulizwe kabla ya kura.

3. Uamuzi uwe wa kweli. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto asikilizwe kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Basi kama tumekwisha kuamua, tusijifanye kuuliza, watoto wanatambua. Tuwaachie siku ya mazoezi, nyimbo za Jumapili, matumizi ya mchango wao. Wakikosea katika shilingi elfu mbili, watoe hesabu na kujifunza. Lakini usalama wao ni mzigo wetu wakubwa, tusiwatwike.

Maswali ya nyumbani: Katika kundi la watoto wetu nani huamua? Nani hajaulizwa hata mara moja?

Mungu awabariki.