Kusimamishwa Kazi Si Kuhukumiwa

Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma, mwaka 1914, nyumba nyingi za huko pwani ya Ziwa Tanganyika zimekula jasho la kazi ya mshahara. Wako makarani wa ghala, wachukuzi wa bandarini, mafundi wa reli, mabaharia, walimu na wauguzi. Mshahara wa mmoja hulisha wengi: watoto walioko shuleni, mama mzee aliyebaki kijijini, na ndugu asiye na kazi. Kwa hiyo barua moja yaweza kuitikisa nyumba nzima. Leo twataka kusema juu ya barua hiyo, yaani barua ya kumsimamisha mtu kazi.

Tutoe mfano. Karani amepokea magunia kutoka behewani, yapakiwe melini kwenda Bujumbura. Jioni hesabu hailingani na ile ya asubuhi. Kesho yake aambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Kwa aibu hamwambii mkewe. Kila alfajiri avaa nguo za kazi, ashuka mpaka Kibirizi, akaketi akitazama mitumbwi ya dagaa hata jua lichwe. Siku ya nne mkewe apata habari sokoni Mwanga, tena kwa kinywa cha mtu asiyewatakia mema. Basi nyumba ile imepata misiba miwili: wa kwanza umetoka kazini, wa pili ameuleta baba mwenyewe.

Mfano huu ni wa kutunga, lakini wasomaji wetu wengi watamtambua mtu huyo. Tumpe shauri gani?

Kwanza, ajue maana ya neno lenyewe. Kusimamishwa si kufukuzwa, wala si adhabu. Ni kuwekwa kando ili ukweli utafutwe. Katika Tanzania Bara, taratibu zilizotolewa mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zasema kwamba mwajiri aweza kumsimamisha mtu anayetuhumiwa kosa zito, lakini sharti amlipe mshahara wake wote wakati mambo yakichunguzwa. Kama uchunguzi waonyesha kwamba iko sababu, aelezwe tuhuma zake kwa lugha anayoifahamu, apewe muda wa kujitayarisha usiopungua saa 48, kisha aitwe kwenye kikao. Kikao hicho hakifai kuongozwa na mtu aliyehusika na jambo lenyewe. Mtuhumiwa aweza kufuatana na mjumbe wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Aweza kuwauliza maswali mashahidi, na kuleta mashahidi wake. Uamuzi ukitoka, utoke pamoja na sababu zake, naye aonyeshwe njia ya kukata rufani.

Haki hizi hazikuanza jana. Mwaka 1964 ilikwisha tungwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi wasifukuzwe papo hapo kwa hasira ya bwana mkubwa. Sheria hiyo iliweka kamati za wafanyakazi, na orodha ya makosa pamoja na adhabu zake. Hata kabla ya hapo, Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha kutumiwa na kutupwa, bali ni mtu mwenye heshima aliyopewa na Mungu.

Pili, amwambie mkewe siku ile ile. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mke ajuaye habari atapunguza matumizi, atamwombea mumewe, na mtu wa nje akija na maneno hatatetemeka.

Tatu, asijiuzulu kwa hasira. Aandikaye barua ya kuacha kazi kabla ya kusikilizwa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Wala asitie sahihi karatasi asiyoisoma akaielewa. Badala yake akae chini, aandike yote ayakumbukayo: siku, saa, hesabu, na majina ya waliokuwapo. Barua zote azitunze pamoja. Kumbukumbu iliyoandikwa mapema haigeuki ovyo mbele ya maswali.

Nne, aepuke njia za giza. Wako watakaomnong'oneza habari za mganga wa kuufunga mdomo wa mkubwa wa kazi; wengine watamwambia apeleke bahasha kwa mwenyekiti wa kikao, au awatishe mashahidi. Mkristo hawezi kuutetea ukweli kwa hirizi wala kwa hongo. Tena hongo ni kosa mbele ya sheria, na aliyeingia kikaoni hana hatia aweza kutoka ana hatia ya kweli.

Na kama kosa amelitenda? Hapo hatuna maneno matamu. Aliyechukua mali ya watu hana budi kuirudisha. Kitubio bila nia ya kurudisha ni kitubio kilichopunguka. Akiri, aombe radhi, aeleze pia hali yake na miaka aliyotumika vema, kwani mambo hayo nayo yapaswa kupimwa kabla ya adhabu kutolewa.

Ikiwa ameachishwa naye aamini kwamba ameonewa, asikae akinung'unika. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi Kigoma pia. Malalamiko juu ya kuachishwa kazi yapelekwe huko katika siku 30. Apitishaye siku hizo kwa uzembe atalazimika kwanza kueleza kwa nini amechelewa, naye aweza kukataliwa. Mtumishi wa serikali, kama mwalimu au mwuguzi, anayo sheria yake ya mwaka 2002, na rufani zake zafuata kwanza ngazi za utumishi wa umma.

Twapenda kusema pia na wakubwa wa kazi. Wengi wao ni waamini wenzetu, nao huketi Jumapili katika benchi moja na hao wanaowasimamisha. Katika Kitabu cha Danieli twasoma habari za Suzana. Wazee wawili walimsingizia, umati ukawasadiki kwa sababu ya mvi zao, naye akahukumiwa kufa. Danieli hakupiga kelele tu. Aliwatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani. Majibu yao yakapingana, na damu isiyo na hatia ikaokoka. Nikodemo naye aliwauliza Mafarisayo kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikiliza. Mwajiri mwema na aulize maswali ya Danieli kabla ya kutia sahihi.

Na sisi majirani je? Mtu akionekana nyumbani siku ya kazi, kabla ya adhuhuri mtaa mzima umekwisha mwita mwizi. Kikao hakijakaa, nasi tumekwisha toa hukumu! Amri ya Nane yatukataza kumharibia mtu jina. Mwajiri aweza kumrudisha karani kazini kwa barua moja. Jina lililochafuliwa sokoni halina barua ya kulirudisha. Afadhali tumpelekee mkewe kibaba cha unga na chupa ya mawese. Na wewe mfanyakazi mwenzake uliyeona mambo kwa macho yako, usijifiche ukihofia cheo chako. Siku ya kikao, nenda ukaseme uliyoyaona, bila kuongeza wala kupunguza.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu naye alikuwa baba wa nyumba aliyelisha familia kwa mikono yake, na usiku mmoja alilazimika kuondoka, akaiacha kazi yake na nchi yake. Hakumficha Maria habari ile, waliondoka pamoja. Jioni ya leo, nyumba iliyopata barua kama hiyo na ifanye vivyo hivyo: waketi baba na mama, barua isomwe kwa sauti, kisha wasali pamoja.