Pima Kabla ya Kununua Spea: Kusaka Hitilafu za Subaru ya Turbo Ukiwa Ishiara

Mwambie kijana wa Embu au Meru akutajie gari la michezo analoweza kulimiliki, naye atakutajia Subaru yenye turbo: Impreza WRX, au Forester iliyobeba injini ya jamii hiyohiyo. Sifa hiyo ilijengwa kwenye vumbi la Kenya. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997, Richard Burns akashinda mwaka 2000, na wote wawili walikuwa wakiendesha Impreza. Magari yaliyokuja baadaye kama mitumba kutoka Japani yalikuta tayari yana wapenzi.

Ukiliteremsha gari hilo kutoka Ena hadi Ishiara, linakutana na mambo matatu yanayolipima kweli: joto la Mbeere, vumbi la barabara za pembeni, na mlima mrefu wa kurudi Embu. Hitilafu nyingi utakazoziona huanzia kwenye moja ya hayo matatu. Spea zake ni ghali, na nyingine hazipatikani hadi uagize Nairobi. Ndiyo maana kinachomtia mwenye gari hasara kubwa ni kubahatisha: leo koili, kesho sensa, keshokutwa turbo, na tatizo bado liko palepale. Kanuni ya makala haya ni moja: usinunue spea yoyote kabla ya kipimo kuonyesha kwamba ndiyo iliyoharibika.

Vifaa vya kuwa navyo

Huhitaji gereji nzima. Tafuta mita ya umeme ya kawaida, skana ndogo ya kusoma misimbo ya kompyuta ya gari, tochi, glavu, chupa ya kupulizia maji ya sabuni, na jeki pamoja na stendi zake. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Ukiwa na Impreza ya miaka ya 1990, huenda skana za kisasa zisielewane nayo. Chini ya dashibodi, upande wa dereva, tafuta viunganishi vidogo vyeusi na vya kijani. Vile vyeusi vikiunganishwa, taa ya injini kwenye dashibodi humweka kwa kuhesabu na kukupa msimbo uliohifadhiwa. Fundi anayezijua Subaru za zamani atakusomea kwa dakika chache.

Anza na umeme

Hitilafu nyingi za ajabu, kama taa za dashibodi kuwaka ovyo, gia za otomatiki kugoma au injini kuzima yenyewe, huanzia kwenye umeme hafifu. Kabla ya kulaumu kompyuta, pima hivi:

1. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, weka mita kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.2 ni karibu nusu. Chini ya 12, chaji betri kwanza ndipo uendelee kupima.

2. Mtu apige stata huku ukitazama mita. Betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6, imechoka. Joto huua betri mapema, kwa hiyo betri inayodumu miaka mingi Nyeri inaweza kufa haraka zaidi Ishiara.

3. Injini ikinguruma, mita isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, alterneta haichaji au mkanda wake umelegea. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na itachemsha betri.

4. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Kipimo kikizidi takriban volti 0.2, waya wa athi una kutu, umelegea, au haukurudishwa baada ya injini kushushwa. Hili husahaulika sana, na kulitengeneza ni kazi ya spana na msasa tu.

Sikiliza pia ufunguo. Mlio wa haraka wa tik-tik-tik ni betri dhaifu au vichwa vichafu. Mlio mmoja kisha kimya, ilhali betri ni nzima, huelekeza kwenye stata. Kimya kabisa kinakutaka ukague fyuzi kubwa, swichi ya ufunguo, na swichi ya kluchi au ya gia.

Betri ikilala usiku na kuamka imekufa, kuna kitu kinachoinyonya. Zima kila kitu, funga milango, subiri kompyuta ya gari ilale, kisha unganisha mita ya ampea kati ya kichwa hasi na waya wake. Zaidi ya ampea 0.05 ni nyingi. Chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi kipimo kishuke, nawe utajua njia yenye tatizo. Redio, alamu na kifaa cha kufuatilia gari vilivyofungwa baadaye ndivyo vya kushukiwa kwanza. Usipige stata mita ikiwa hapo, maana itaungua.

Injini ikimisi

Kwanza tofautisha mngurumo na ugonjwa. Impreza nyingi za turbo zina mngurumo mzito unaopiga kwa mapigo, kwa sababu mabomba ya ekzosi yanayotoka pande mbili za injini hayalingani urefu. Mngurumo huo una mpangilio. Injini inayomisi hutikisika bila mpangilio, hukosa nguvu, na mara nyingi huwasha taa ya injini. Taa ikiwaka tuli, unaweza kwenda taratibu hadi mahali pa kukagua. Ikimwekamweka, punguza mwendo mara moja: petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na inaweza kuharibu kisafishaji cha moshi (katalisti).

Msimbo P0301 unamaanisha silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea hadi P0304. Katika Subaru ya silinda nne, ya kwanza na ya tatu ziko upande wa kulia, yaani upande wa dereva kwa magari yetu. Ya pili na ya nne ziko kushoto. Kama kila plagi ina koili yake, fanya jaribio hili lisilo na gharama: hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke kwenye ya tatu, ya tatu uilete kwenye ya kwanza, futa msimbo, kisha endesha. Msimbo ukihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, rudia jaribio hilo kwa plagi. Ukibaki bado, geukia injekta, waya zake na kompresheni ya silinda.

Ukichomoa plagi na kukuta kisima chake kina oili, gasketi za kava ya valvu zimechoka. Badilisha hizo kwanza, kwa sababu oili hiyo itaharibu hata koili mpya.

Vumbi na hewa

Nguvu ikipungua polepole kwa wiki kadhaa, fungua kasha la kichujio cha hewa kabla ya jambo lolote. Anayeendesha kwenye barabara za udongo hawezi kungoja kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kagua pia sensa ya kupima hewa, iliyo mara baada ya kichujio. Ikichafuka, injini hupewa petroli isiyolingana na hewa. Isafishe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, wala usiiguse kwa kitambaa au kidole.

Nguvu ikipotea ghafla, ukasikia mfoko wa hewa unapokanyaga na kuona moshi mweusi nyuma, huenda paipu ya turbo imechomoka au imepasuka. Hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka, ilhali petroli inamiminwa kana kwamba hewa yote imefika. Fungua boneti, tazama intakula iliyo juu ya injini, kaza klipu zote, na upulizie maji ya sabuni kwenye viungio huku fundi akiingiza hewa kidogo kwa kompresa. Povu litakuonyesha tundu. Watu wengi wameuziwa turbo nzima kwa kosa la klipu moja.

Turbo yenyewe hujulikana kwa dalili nyingine: moshi wa buluu, mluzi mkali uliobadilika, na shafti inayochezacheza hadi mapezi yagonge ukuta. Ukiona hivyo, uliza pia kwa nini imekufa. Katika injini nyingi za miaka ya 2000 kuna kichujio kidogo ndani ya bolti ya paipu inayoipelekea turbo oili. Kikiziba, turbo mpya nayo itakufa kwa kiu.

Gari likichemsha

Hapa ndipo Ishiara inapowashika wengi. Jiulize kwanza: linachemsha lini?

Likichemsha ukiwa umesimama au ukitambaa sokoni, lakini likapoa ukienda kasi, shuku feni. Washa kiyoyozi, feni zote mbili zinapaswa kuzunguka. Zisipozunguka, kagua fyuzi, rilei, kisha mota.

Likichemsha ukipanda mlima, lakini likatulia kwenye tambarare, shuku radieta iliyoziba, kifuniko cha radieta kisichoshika presha, pampu ya maji, au gasketi ya hedi. Kifuniko kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana. Katika mwinuko wa mji wa Embu, maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95 au 96 badala ya 100. Presha ya kifuniko ndiyo inayoyazuia yasichemke ndani ya injini. Kifuniko ni cha bei ndogo, kwa hiyo kipimwe mapema.

Themostati ya Subaru hizi iko chini, kwenye mlango wa maji ya kuingia kwenye pampu. Injini ikiwa moto sana na paipu ya chini ya radieta ikabaki baridi, huenda themostati imekwama au kuna hewa ndani. Injini nyingi za turbo zina tangi dogo la maji lililo juu kuliko radieta. Ujazaji uanzie hapo, pole pole, hadi viputo viishe. Fundi aliyezoea kujaza radieta peke yake huacha hewa ndani, kisha gari huchemsha tena kesho yake. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na madini. Maji ya kisima yenye chumvi huacha gaga ndani ya radieta.

Dalili za gasketi ya hedi ni hizi: maji hupungua bila kuonekana yanakovuja, viputo havikomi kwenye chupa ya akiba, paipu za maji huwa ngumu mara tu baada ya kuwasha injini iliyopoa, na wakati mwingine moshi mweupe wenye harufu tamu. Kwa uhakika, tafuta fundi mwenye dawa ya kupima gesi ya injini ndani ya maji. Rangi yake ya buluu hugeuka njano gesi ikiwemo. Usikubali injini kushushwa bila kipimo hicho.

Na kwa usalama wako, usifungue kifuniko injini ikiwa moto. Maji yaliyofungiwa kwa presha hutoka kwa kishindo na kuchoma uso.

Sauti za kutosubiri

Mlio kama kokoto ndani ya debe unapopanda mlima kwa gia kubwa unamaanisha petroli inalipuka kabla ya wakati. Rudisha gia, punguza mguu, na utumie petroli ya oktani ya juu zaidi iliyopo. Kuendelea kukanyaga kunaweza kuvunja pistoni.

Mlio mzito wa kugonga ndani unaoongezeka kadiri injini inavyozunguka kasi ni beringi za kranki. Zima injini papo hapo. Usijaribu kufika mji wa Runyenjes.

Kagua pia tarehe ya mkanda wa taiming. Kwenye injini hizi zenye mkanda, ubadilishwe kila kilomita 100,000, na kama umenunua gari bila rekodi, chukulia kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, valvu na pistoni hugongana.

Magurudumu manne

Tik-tik unapokata kona kali ni jointi za shafti za magurudumu. Mvumo unaobadilika ukiyumbisha gari kushoto na kulia ni beringi ya gurudumu. Gari likikataa na kurukaruka kwenye kona ya polepole, kagua tairi kabla ya difu: zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Tairi moja mpya kati ya tatu zilizokwisha huilazimisha difu ya kati kufanya kazi bila kupumzika, nayo huungua.

Gari likikwama kabisa, libebwe juu ya lori. Kulivuta magurudumu mawili yakiwa chini huharibu mfumo wa kuendesha magurudumu manne.

Weka daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, dalili, ilitokea gari likiwa baridi au moto, ulikuwa mlimani au tambarare, na mita ilisoma nini. Ukifika gereji, usimwambie fundi, “Nibadilishie koili.” Mwambie dalili na vipimo, kisha umwombe akuonyeshe kipimo chake kabla hajafungua bolti ya kwanza. Fundi mzuri atalifurahia ombi hilo. Anayekasirika kwa kuombwa kipimo, chukua gari lako uende kwa mwingine.