Imeingia Tundu, Lakini Je, Ni Salama?

Leo tunazungumzia kijisanduku ambacho wengi wetu hatukijali mpaka siku kinapokufa: adapta ya redio, kinanda, mikisa au spika.

Tuseme ni Jumamosi, kinanda cha kwaya kimezima, na kesho kuna ibada. Fundi anasema kinanda ni kizima, adapta ndiyo imekufa. Mnachanga hela, mmoja wenu anakwenda dukani. Muuzaji anachukua adapta, anaichomeka kwenye kinanda. "Hii hapa, imeingia!" Je, ununue? Ngoja kwanza.

ADAPTA INAFANYA NINI?

Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni volti 230. Kinanda kinahitaji volti 9 au 12 tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya adapta ni kushusha umeme. Kazi ya pili wengi hawaijui: kukutenga wewe na ule umeme mkubwa. Ndani ya adapta nzuri hakuna waya unaotoka ukutani moja kwa moja hadi kwenye kinanda. Nguvu huvuka kwa njia ya sumaku ndani ya trasfoma.

Yaani adapta ni ukuta. Upande mmoja kuna volti 230, upande wa pili kuna midomo yako kwenye maiki na masikio yako kwenye hedifoni. Adapta feki mara nyingi ina ukuta mwembamba. Ukibomoka, umeme wa ukutani unakufikia wewe.

SOMA MAMBO MATANO

Chukua adapta ya zamani, au angalia maandishi yaliyo nyuma ya chombo au karibu na tundu lake. Linganisha na ile ya dukani:

1. Volti (V) ziwe sawasawa. Kama chombo kinataka 9V, usikipe 12V. Kinaweza kuungua.

2. Ampea (A) ziwe sawa au zaidi. Ampea 1 ni sawa na mA 1000. Kinanda kinachotaka 700mA ukikipa adapta ya 500mA, adapta itazidiwa na kupata moto. Ukikipa ya 1.5A hakuna shida, kwani chombo huchukua kile kinachohitaji tu. Ukiwa na mtungi mkubwa, si lazima unywe maji yote!

3. DC au AC? Mstari mnyoofu wenye vistari chini yake maana yake ni DC, umeme wa namna ya betri. Kijimstari cha wimbi ni AC. Vyombo vingi hutaka DC, lakini baadhi ya mikisa ndogo hutaka AC. Usivichanganye.

4. Chanya na hasi. Tafuta mchoro wa kidoti kilichozungukwa na nusu duara, wenye alama za + na –. Unakuonyesha katikati ya pini kuna nini. Vinanda vingi vya Yamaha vya 12V vina chanya katikati, lakini pedali nyingi za gitaa za 9V zina hasi katikati. Pini zinaweza kufanana kabisa!

5. Upande wa INPUT. Uandikwe 230V, au 100-240V. Adapta ya zawadi kutoka Marekani ikiwa imeandikwa 120V tu, usiichomeke ukutani hapa kwetu.

Kama unanunua ile adapta yenye kiswichi cha kuchagua volti, panga volti kabla ya kuchomeka, kisha ziba kiswichi kwa selotepu. Mtu akikigusa kwa bahati mbaya, kinanda kwisha kazi.

Ukifika nyumbani, ijaribu kwa nusu saa ukiwa karibu. Vuguvugu ni kawaida. Lakini ikiwa huwezi kuishika kwa joto, inanuka plastiki iliyoungua au inatoa cheche, zima swichi ya ukutani, ichomoe na uirudishe dukani.

MNAULIZA, TUNAJIBU

Plagi ya miguu miwili haiingii. Nichokonoe tundu la juu kwa kalamu?
Hapana! Vile vifuniko ndani ya soketi vimewekwa ili kukulinda. Nunua plagi ya kubadilishia. Na tafadhali, usichomeke nyaya tupu na kuzikaza kwa njiti za kiberiti.

Maiki inanipiga shoti midomoni nikiimba. Nivumilie?
Usivumilie hata kidogo. Iache, zima umeme ukutani na umwite fundi apime adapta na vyombo vyote vilivyounganishwa. Kuvaa viatu si dawa.

Adapta nzuri ni ghali. Tufanyeje?
Changeni. Ukilinganisha na bei ya kinanda, achilia mbali maisha ya mwimbaji, adapta ni rahisi. Kama kinanda kinatumia betri, tumieni hizo mpaka hela itimie.

MWENZAKO AKINASWA NA UMEME

Usimshike, utanaswa na wewe. Zima swichi kuu haraka. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu kama ubao, mtenganishe na waya kwa kijiti kikavu, kamwe si kwa chuma. Ita msaada. Kama hapumui, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze mara moja. Mpelekeni hospitali hata kama anasema yuko poa, maana moyo unaweza kuleta matatizo baadaye.

JIPIME

Redio imeandikwa DC 9V, 600mA, hasi katikati. Dukani kuna adapta nne za DC. Ipi inafaa?

(a) 9V, 500mA, hasi katikati
(b) 12V, 1A, hasi katikati
(c) 9V, 1A, hasi katikati
(d) 9V, 1A, chanya katikati

Jibu ni (c). Ya (a) itazidiwa, (b) ina volti nyingi mno, na (d) imegeuza chanya na hasi. Umepata? Safi sana! Sasa nenda kasome maandishi ya adapta zote za nyumbani kwenu, na umfundishe na mdogo wako.