Ubao wa Bei ya Korosho

SWALI: Chama chetu cha msingi, Newala, chataka ubao wa umeme ghalani uoneshao bei ya mnada wa korosho wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala. Kompyuta imo ofisini, umbali wa mita 300. Tuviunganisheje?

JIBU: Kwa masafa hayo waya wa RS-232, usiotegemewa kupita mita 15 hivi, haufai kabisa, wala ule wa shaba wa etheneti, ambao kikomo chake ni mita 100, hautoshi pasipo kituo cha kati. Lililo sahili ni RS-485, jozi moja ya nyaya zilizosokotwa, ifikayo hata mita 1,200 kwa mwendo wa taratibu na kubeba vifaa 32. Na bei, alhamdulillahi, ni tarakimu chache zisizohitaji kasi. Ila radi ikipiga jirani, shaba huweza kuuchukua umeme wake hadi ndani ya kompyuta. Kwa hiyo, mkiwa na wasaa wa fedha, mimi ningekhitari nyuzi za kioo, zisizopitisha umeme. Kwa maghala ya vijiji vya mbali, ubao wenye kadi ya simu, upokeao bei kwa ujumbe mfupi, wafaa, maadamu salio halijakwisha.